Fanya Juu na Maikrokontrola: Istilahi za Mwanafunzi wa Kwanza wa Programu Machakos

Utangulizi

Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu uhifadhi wa udongo mna istilahi moja ya Kiswahili ambayo wataalamu wa mataifa mbalimbali huiandika bila kuitafsiri. Istilahi hiyo ni fanya juu. Ni jina la tuta la kuzuia mmomonyoko, ambalo mkulima hulijenga kwa kuchimba mtaro unaokata mteremko na kuutupa udongo upande wa juu wa mtaro huo. Mvua zinaponyesha, udongo unaoteremka hujikusanya nyuma ya tuta, na baada ya miaka kadhaa shamba lililokuwa mteremko huwa ngazi za ardhi iliyo tambarare. Matuta ya aina hii yalienea Machakos kuanzia miaka ya 1950, na yamejadiliwa katika utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu mabadiliko ya mazingira ya wilaya hiyo. Udongo unapotupwa upande wa chini, mbinu huitwa fanya chini.

Mwanaisimu ana sababu ya kulitazama jina hili kwa makini. Kisarufi si nomino hata kidogo. Ni kitenzi katika hali ya kuamuru kikifuatwa na kielezi. Yamkini kamati yoyote ya istilahi ingelikataa. Ingedai kwamba kitenzi fanya hakibebi maana ya kutupa udongo, na pengine ingependekeza 'tuta la mtupo wa juu' au jina jingine lenye adabu kama hilo. Hata hivyo jina lilidumu, likavuka mipaka ya Ukambani na ya Kenya, maadamu anayelisikia huwa ameambiwa papo hapo afanye nini na jembe lake.

Makala haya yanadhamiria kukichukua kigezo hicho kilichozaliwa mashambani na kukitumia katika uwanja mwingine, yaani mafunzo ya awali ya kuprogramu maikrokontrola. Uwanja huu hauko mbali na Machakos. Jiji la teknolojia la Konza, lililozinduliwa Januari 2013, limo karibu na mipaka ya kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo yote, mwanafunzi anayeanza hukutana na istilahi za kifaa hiki kwa Kiingereza pekee. Huzikariri kama akaririvyo majina ya miji ambayo hataifika, na mradi wake unapokataa kufanya kazi hana neno lolote la kumwonyesha pa kutafuta kosa. Hapo ndipo Idara za Kiswahili zinapodaiwa jambo.

Ugumu wa jina la jumla

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja kidogo. Ubao unaotumiwa sana na wanaoanza ni Arduino Uno. Mradi wa Arduino ulianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ubao wa Uno ulitoka mwaka 2010. Kiini chake ni maikrokontrola ya ATmega328P inayokwenda kwa kasi ya megahezi 16, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ubao una miguu 14 ya dijitali na 6 ya kupokea ishara za analogi. Ukilinganishwa na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi, huu ni umaskini wa kutisha. Lakini ni umaskini unaoweza kufahamika wote, na hiyo ndiyo faida yake kwa mafunzo.

Ndani ya kipande hicho mna kichakato kinachotekeleza maagizo, na kando yake mna sehemu nyingine zinazofanya kazi maalumu: kipima muda, kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, njia za mawasiliano, na kadhalika. Kwa jumla sehemu hizi zingeitwa kwa Kiswahili 'vifaa vya pembeni', kwa kufuata mazoea ya kompyuta ya mezani, ambako vifaa vya pembeni ni kipanya, printa na vinginevyo vinavyochomekwa kwa waya. Kwa maikrokontrola jina hili linapotosha. Mwanafunzi akiambiwa atumie kipima muda ambacho ni kifaa cha pembeni, atakitafuta ndani ya boksi alilonunulia ubao. Hatakipata, kwa kuwa kimo ndani ya kipande kilekile chenye kichakato.

Neno 'mpambe' lingeweza kufikiriwa. Mpambe humfuata mkubwa, humchukulia mizigo na kumpunguzia kazi, na hiyo hasa ndiyo kazi ya sehemu hizi. Bahati mbaya siasa imelichafua neno hilo kiasi kwamba darasa litacheka kabla ya kuelewa. 'Kisaidizi' ni neno tulivu zaidi. Linaeleza uhusiano wa sehemu hizo na kichakato bila kudai lolote kuhusu mahali zilipo, nalo ndilo litakalotumika katika makala haya.

Kichakato huzungumza na visaidizi kwa kuandika namba katika visanduku maalumu vya kumbukumbu. Kuita kisanduku hicho 'sajili' ni kumtega mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kwake sajili ni mtindo wa lugha kulingana na muktadha: sajili ya mahakamani, ya hospitalini, ya matangazo ya mpira. 'Rejista' ni bora, ingawa nayo hukumbusha daftari la mahudhurio. Ukumbusho huo hauna madhara. Mwalimu hutia alama katika rejista ya darasa, na alama hiyo huamua nani anahesabiwa kuwapo. Programu hutia 1 au 0 katika rejista, na alama hiyo huamua mguu upi upeleke umeme na upi upokee.

Mradi wa kwanza: taa na zamu

Desturi ya uwanja huu ni kuanza na taa ndogo ya LED inayowaka na kuzima. Mguu wa ubao hutoa volti 5, ilhali taa nyekundu huhitaji takriban volti 2. Baina yao huwekwa kikinza cha omu 220 ili mkondo usizidi. Hesabu yake ni nyepesi: volti 3 zilizobaki, zikigawanywa kwa 220, hutoa takriban miliampia 14, kiwango kilicho salama kwa mguu ambao haufai kupitisha zaidi ya miliampia 20 kwa kawaida. Fizikia ya Kiswahili kwa muda mrefu imekuwa na neno ukinzani. Kikinza kimezaliwa humo bila utata.

Kuwasha kwa sekunde moja na kuzima kwa sekunde moja hakuhitaji maelezo marefu. Jambo la kuvutia hutokea mwanafunzi anapotaka taa iwe hafifu. Mguu wa dijitali haujui uhafifu; unajua volti 5 au sifuri. Kwa hivyo kipima muda huuwasha na kuuzima mguu upesi mno, takriban mara 490 kwa sekunde katika miguu mingi ya Uno yenye uwezo huo, na jicho la binadamu, lisiloweza kufuata kasi hiyo, huona wastani. Kinachobadilishwa ni sehemu ya kila duru ambayo taa huwa imewaka. Iwapo imewaka robo ya duru, mwanga huwa hafifu. Ikiwa robo tatu, huwa mkali.

Sehemu hiyo iitweje? Kiswahili kina neno lililokuwa likingoja kazi hii, nalo ni zamu. Kila aliyepitia shule ya Kenya anamjua mwalimu wa zamu. Umeme uko zamuni, kisha unatoka zamuni. Uwiano wa zamu wa asilimia 25 unaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuona saketi: kati ya kila saa nne, yuko kazini saa moja. Mwanafunzi aliyepewa neno hili anaweza kubashiri mwenyewe kwamba kuongeza zamu kutaongeza mwanga ilhali volti zinabaki zilezile. Ubashiri huo ndio kipimo cha istilahi kinachopendekezwa hapa.

Mradi wa pili: kitufe, mdundo na hodi

Mradi wa kitufe huonekana kuwa rahisi kuliko ule wa taa, na ndio huwakatisha wengi tamaa. Kuna matatizo matatu ndani yake, na kila tatizo lina jina lake.

La kwanza ni mguu unaoelea. Mguu uliowekwa kupokea ishara, lakini haujaunganishwa na chochote, hauna hali maalumu. Husoma 1, kisha 0, kisha 1, kwa kufuata mwingiliano wa umeme ulio hewani, hata mkono ukipita karibu. Dawa yake ni kikinza kinachouunganisha mguu na volti 5, ili kitufe kisipobonyezwa mguu usome 1 bila kusitasita. Kitufe huunganisha mguu na upande wa sifuri, hivyo kinapobonyezwa mguu husoma 0. ATmega328P ina vikinza hivi ndani yake, vya kati ya kilo-omu 20 na 50, na programu huweza kuviwasha kwa agizo moja.

Kikinza hiki kinafaa kuitwa kikinza cha vuta juu, na ndugu yake anayeunganisha mguu na sifuri awe kikinza cha vuta chini. Msomaji ameshaona mfanano. Vuta juu na vuta chini zimeundwa kwa kalibu ileile ya fanya juu na fanya chini: amri na kielezi, bila nomino. Anayekulia miongoni mwa matuta ya Machakos anaijua sarufi hii tangu utotoni, ingawa hajaambiwa kuwa ni sarufi ya istilahi. Jina lenyewe pia humkinga na kosa la kawaida sana, lile la kudhani kwamba kubonyeza huleta 1. Mguu umekwisha kuvutwa juu. Kubonyeza kutaufanya nini kama si kuushusha?

Tatizo la pili ni kwamba vyuma vya kitufe havigusani mara moja na kutulia. Hugusana, huachana, hugusana tena, kwa milisekunde kadhaa, mithili ya mpira ulioangushwa sakafuni. Kwa mkono wa binadamu ni mbonyezo mmoja. Kwa maikrokontrola inayotekeleza mamilioni ya maagizo kwa sekunde ni mibonyezo mitano au kumi. Mwanafunzi anayetengeneza kihesabuji cha watu wanaopita mlangoni hustaajabu kuona mtu mmoja amehesabiwa kama familia. Istilahi 'mdundo' inatosha hapa, na tiba ni kungoja mdundo utulie: programu ikiona badiliko, isubiri milisekunde 20 hadi 50, kisha isome tena kabla ya kuamini.

Tatizo la tatu lina uzito zaidi. Programu ya taa ya mradi wa kwanza hutumia agizo la kusubiri, na inaposubiri sekunde moja haifanyi jambo jingine lolote. Kitufe kikibonyezwa na kuachiliwa katikati ya sekunde hiyo, hakuna anayejua. Suluhisho mojawapo ni programu kukichungulia kitufe kila mara, kama mtu anayekwenda mlangoni kila dakika kuona kama kuna mgeni. Suluhisho la pili ni kuendelea na kazi hadi mlango ugongwe.

Istilahi ya kawaida ya suluhisho hilo la pili, kwa tafsiri ya moja kwa moja, ingekuwa 'ukatizaji'. Si kosa, lakini hueleza upande mmoja tu wa jambo, ule wa kero. Kwa mintarafu ya mafunzo, 'hodi' ni neno kamili zaidi, kwa kuwa hodi ni utaratibu mzima, na kila hatua yake ina mwenza ndani ya kipande kile. Mgeni hupiga hodi: ishara hufika katika mguu wa 2 au wa 3, miguu ya Uno iliyotengewa hodi za nje. Mwenyeji humaliza tendo dogo alilokuwa nalo mkononi: kichakato hukamilisha agizo moja. Hukumbuka alipofikia katika kazi yake: anwani ya agizo linalofuata huhifadhiwa. Huitikia 'karibu' na kumhudumia mgeni kwa ufupi: kipande cha programu kilichoandaliwa kwa hodi hiyo hutekelezwa. Kisha hurejea jikoni na kuendelea pale pale alipoachia.

Utaratibu huu humfundisha mwanafunzi hata adabu zisizoandikwa. Mgeni wa mlangoni hakalishwi saa nzima chungu kikiungua, hivyo huduma ya hodi sharti iwe fupi. Mwenyeji aliye katika shughuli isiyoweza kuachwa anaweza kutoitikia kwa muda: programu huzima hodi zote kwa alama moja katika rejista, na kuziruhusu tena baadaye. Kuna mahali sitiari inapoachana na mashine, na mwalimu hana budi kuwa bayana hapo. Kwa desturi ya Pwani mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka. Hodi ya maikrokontrola haiondoki. Hubaki imewekwa alama mpaka iitikiwe. Kwa upande mwingine, hodi tatu za mlango mmoja zikipigwa wakati mwenyeji amejifungia, huhesabiwa kuwa moja. Mwanafunzi asiyejua hili atapoteza wageni wawili asijue walikokwenda.

Mradi wa tatu: unyevu wa shamba

Mradi huu unairejesha mada shambani. Machakos ni eneo la ukame wa mara kwa mara, na mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima kuliko zile za Machi hadi Mei. Kihisi cha unyevu wa udongo kinachochomekwa katika kitalu cha sukuma wiki au nyanya ni mradi wenye maana nyumbani kwa mwanafunzi, na ndio unaomkutanisha na kisaidizi kigumu kuliko vyote vilivyotajwa, yaani kigeuzi.

Unyevu haujui ndiyo na la. Huongezeka na kupungua bila ngazi, na kihisi huutafsiri kuwa volti zinazopanda na kushuka vivyo hivyo. Kigeuzi cha ATmega328P huzipima volti hizo na kutoa namba nzima kati ya 0 na 1023. Volti 5 zimekatwa vipande 1024, kila kimoja takriban milivolti 4.9, volti 2.5 husomeka kuwa 512.

Walimu wengi huishia katika hesabu hiyo, na darasa huitikia kwa kichwa bila kushawishika. Sokoni Machakos, hata hivyo, kila mtoto ameona kigeuzi kikifanya kazi. Mahindi yaliyomwagwa chini ni lundo lisilo na namba. Mwuzaji huchukua gorogoro na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Gunia la kilo 90, kwa gorogoro la kilo 2, hutoa gorogoro 45. Kwa debe namba ingekuwa ndogo na makadirio yangekuwa manene. Kwa kikombe namba ingekuwa kubwa na makadirio yangekuwa laini. Mahindi ni yaleyale, kilichobadilika ni ukubwa wa kipimio. Na zile punje zinazobaki baada ya gorogoro la mwisho, zisizotosha kulijaza jingine, hazimo katika namba. Kila kigeuzi huwa na punje zake zinazobaki, na mwanafunzi aliyeziona sokoni hatashangaa kihisi chake kinaposoma 611, kisha 612, kisha 611 tena ilhali udongo haujabadilika: kiasi halisi kimo karibu na ukingo wa gorogoro. Ndiyo sababu hushauriwa kusoma mara kumi na kutafuta wastani.

Istilahi ya sifa hii ingeweza kuwa 'ulaini wa kipimo'. Ni neno la kawaida, halina mvuto, na linatosha.

Mradi una mambo mawili ya kiutendaji yanayopuuzwa. Kwanza, namba 611 peke yake haina maana yoyote ya kilimo. Sharti mwanafunzi achukue udongo wa shamba hilohilo, aukaushe vizuri na kusoma namba yake, kisha aulowe maji hadi ushibe na kusoma tena. Kiwango cha kuwashia taa ya onyo kitakuwa baina ya namba hizo mbili. Udongo mwekundu wa mlimani na mchanga wa bondeni haviwezi kupewa kiwango kimoja. Pili, vihisi vya bei nafuu vyenye meno mawili ya chuma huliwa na kutu upesi iwapo umeme unapita ndani yake mchana kutwa. Dawa ni kukilisha kihisi kupitia mguu mmoja wa dijitali, uwashwe kwa muda mfupi wa kusoma na kuzimwa, mara moja kwa saa kwa mfano. Udongo haukauki kwa sekunde.

Maneno ya kuachwa yalivyo

Haifai kudhani kwamba kila neno lingoje kubuniwa. Tajriba ya kompyuta yenyewe ni onyo. Vitabu vya shule nchini Kenya vilifundisha tarakilishi huku watu wakiendelea kusema kompyuta, na neno rununu lina umaarufu zaidi katika karatasi za mitihani kuliko katika maduka ya simu. Biti, baiti, volti, saketi, programu na maikrokontrola yamekwisha kuingia katika mfumo wa sauti na ngeli za Kiswahili. Kuyafukuza ni kupoteza nguvu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi lililoitwa Jambo OpenOffice, na hapo ilidhihirika kuwa kompyuta inaweza kuzungumza Kiswahili na mtumiaji. Kuzungumza na mtengenezaji ni hatua nyingine.

Katika hatua hiyo, lugha ya C inayotumika kuprogramu Arduino ina maneno yake machache yasiyobadilika, nayo ni ya Kiingereza. Yaliyobaki ni mali ya mwandishi wa programu. Mstari huu ni sahihi kabisa, na mashine huutekeleza bila kuuliza lugha ya jina lililo katikati:

int unyevu = analogRead(A0);

Mwanafunzi yuko huru kuviita vibadilika vyake unyevu, zamu, hodi au gorogoro, na kuandika maelezo yote ya kando kwa Kiswahili sanifu. Kikwazo kipo kimoja, nacho ni cha tahajia. Katika C alama ya ritifaa hufungua herufi inayotajwa na sharti ifungwe kwa ritifaa nyingine. Kwa sababu hiyo sauti ya ng' haiandikiki katika jina la kibadilika. Anayetaka taa yake iitwe ng'aa atapokea ujumbe wa kosa unaolalamikia alama isiyofungwa, na huenda akaitafuta siku nzima mwishoni mwa mstari. Jina waka halina tatizo hilo.